Mama Mwenye Nyumba na Saa za Wazamiaji

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "bado." Ukimpelekea kazi uliyoihangaikia mwezi mzima, anaitazama kwa muda wa kumeza kipande cha kashata, kisha anasema bado. Ukimuuliza bado nini, anakujibu kwamba kama ungekuwa unajua bado nini, usingeileta. Nimeishi na neno hilo miaka mingi, na mpaka leo nikilisikia hata kwa muuza chipsi, damu inanichemka.

Nilikuwa mpangaji wake kule Tandika, Temeke, kwenye chumba cha uani chenye dirisha linalotazama jiko lake. Mwenyewe alinitambulisha hivyo kila mahali, "huyu mpangaji wangu," hata kwa watu wa nchi za mbali wasiojua mpangaji ni mdudu gani. Basi na mimi nitamwita mama mwenye nyumba, ingawa nyumba ndiyo ilikuwa jambo la mwisho kabisa kumshughulisha. Kitasa cha chumba changu kiliharibika masika moja, na masika yaliyofuata nikawa bado nafunga mlango kwa kamba. Nilipomkumbusha, unajua alinijibu nini.

Kilichomshughulisha ni hiki. Watu wanaozamia baharini huvaa mkononi saa fulani nene, inayokumbuka umeshuka kina gani, umekaa chini muda gani, na umepanda juu kwa kasi gani. Mtu akipanda haraka anaweza kupooza, kwa hiyo kumbukumbu hizo si mchezo. Sasa ipo programu ya kompyuta, ya bure, iliyoandikwa na watu wa kujitolea wa kila pembe ya dunia, inayozitoa mbizi zako kwenye saa na kukutunzia. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi, yeyote anaweza kuusoma na kupendekeza mabadiliko. Shida ni kwamba kila kiwanda cha saa kina lugha yake, na viwanda havipendi kusema lugha hiyo ni ipi. Lazima mtu akae, asikilize saa inavyozungumza na kompyuta, akisie, ajaribu, akosee, aanze tena. Sehemu hiyo ya programu, inayozungumza na saa, ndiyo iliyokuwa mikononi mwa mama mwenye nyumba. Halipwi, hakutumwa na mtu, na hakuna kilichopita bila yeye kusema kimepita.

Siku niliyohamia kwake nilikuwa na godoro kichwani. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia naandika programu za maduka ya dawa, ofisi yetu iko Mwenge. "Tua godoro, njoo hapa," akasema, na akanikalisha mbele ya kompyuta yake kunionyesha jinsi saa moja ya kale inavyojibu maswali kinyumenyume. Nilipokuja kukumbuka godoro, mvua ilikuwa imeshapita juu yake.

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa mitambo ya simu, enzi zile mitambo inajaza chumba. Mumewe, ambaye sote tulimwita Mzee, alikuwa mzamiaji bandarini, kazi yake kukwangua magamba chini ya meli. Mwajiri akampa saa, saa ikakataa kuzungumza na kompyuta, mama akafungua msimbo kuona kulikoni, na tangu siku hiyo hakutoka tena humo. Kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe hajui kuogelea. Wakienda Kigamboni siku ya sikukuu, anafika ukingoni, anaingiza vidole vya miguu, anasema maji ya leo hayajakaa vizuri, anarudi kwenye mkeka. Mzee naye, aliyetumia nusu ya maisha chini ya maji, hakuwahi kuitazama programu hata mara moja. Alikuwa akikaa barazani na kikombe chake cha kahawa na kusema hahitaji saa imwambie kuwa amelowa.

Nikisema alikuwa mgumu, watu wanadhani natia chumvi. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba mabadiliko hayaingii mpaka saa yenyewe ifike mkononi mwake. Si picha yake, si maelezo yake, si ushahidi wa watu waliojaribu huko kwao. Saa yenyewe. Hivyo saa zilikuja kwa posta kutoka nchi ambazo sijawahi kuzisikia, zimefungwa kwenye soksi na makaratasi ya magazeti, na yeye akizipanga kwenye kabati la vioo, mahali wanawake wenzake wa Tandika wanapoweka vyombo vya wageni. Vyombo vya wageni vilikuwa chini ya kitanda.

Siku moja alikuja bwana mmoja kutoka Masaki, mwenye duka la vifaa vya kuzamia, na gari lililoziba njia yetu mpaka wauza mkaa wakamtukana. Alitaka programu ikubali saa mpya anayoiuza. Mama akamkaribisha, akamvulisha viatu, akampa juisi ya ukwaju, akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote.

"Saa iko wapi?" akamuuliza.

"Iko dukani, mama. Ila nina maelezo yake yote hapa kwenye simu."

"Baba, umekuja hospitali, mgonjwa umemwacha nyumbani?"

Yule bwana akacheka, akidhani ni utani. Mama hakucheka. Akamuongezea juisi, akamwambia atakapokuja na mgonjwa mlango uko wazi, na hakurudi tena. Nilimwambia mama kwamba tumepoteza mtu wa maana. Akanijibu kwamba mtu wa maana angekuwa na saa mkononi, anauza saa.

Tena ukiileta saa hujamaliza. Lazima izamishwe, na yeye haendi baharini. Alichofanya ni kuchukua sufuria lake la presha, lile la kupikia maharage, akalipeleka kwa fundi pancha wa mtaani amtobolee mfuniko na kuuwekea valvu ya baiskeli. Anajaza maji, anatumbukiza saa, anafunga, anapiga pampu. Maji yanabanwa, saa inadhani imeshuka baharini, inaanza kuhesabu. Anaipandisha polepole kwa kulegeza valvu, na saa inaandika mbizi safi kabisa, imeanzia na kuishia pale jikoni. Mimi nilikuwa nakula kwao jioni, kwa hiyo yalinihusu. Mara ngapi nimerudi kutoka kazini na njaa nikakuta sufuria linazamia na maharage yako mbichi pembeni.

"Leo mama kashuka mita ngapi?" Mzee anauliza kutoka barazani.

"Muulize tumbo la mpangaji," mama anajibu.

Alipotoa mbizi hizo kwa wenzake kama mifano ya majaribio, alijaza kila kitu kilichotakiwa, pamoja na jina la mahali: Jikoni, Tandika. Jamaa mmoja wa Norwe akaandika kuuliza hapo Jikoni pakoje, maji yanaonyesha vizuri, kuna kasa? Mama akamjibu kwa ufupi kwamba kasa hakuna, kuna vitunguu.

Ndani ya msimbo aliandika maelezo yake kwa Kiswahili. Wengine wote waliandika kwa Kiingereza, na Kiingereza alikijua vizuri, kazi ya simu ilimfundisha. Nilipomuuliza kwa nini, akasema wakitaka kuelewa watauliza. Na kweli, wakawa wanauliza. Kuna saa moja ya zamani ambayo ukishaiamkia lazima usubiri kidogo, muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, ndipo uiulize swali la kwanza. Usiposubiri, inanyamaza kabisa. Pale aliandika: "Usiguse. Ni mzee huyu, mwache avute pumzi." Basi mama akaenda msibani Mkuranga, na huku nyuma kijana mmoja wa kujitolea, wa ng'ambo, akaona programu inapoteza muda bure, akaiondoa ile subira, na wenzake wenye ufunguo wa programu nzima wakapitisha bila kumngoja mama, wakisema sasa inakwenda kasi. Mama aliporudi alikuta malalamiko yamejaa, saa za zamani kote duniani zimegoma kusema.

Alirudisha subira ile kwa mstari mmoja. Kisha akamnunia yule kijana. Sijui kama umewahi kuona mtu akinuniwa kwa mtandao. Kila mtu alijibiwa isipokuwa yeye. Akiuliza jambo, mama anamjibu mtu aliyeuliza kabla yake na aliyeuliza baada yake. Maskini akaniandikia pembeni kuniuliza amekosa nini, mbona kosa lilishasahihishwa. Nikamuombea msamaha.

"Mama, si alikuwa anataka kusaidia?"

"We mpangaji, mtu unaingiaje kwa watu bila hodi, halafu unakuta mzee kakaa, unamuuliza maswali kabla hajaitikia shikamoo?"

"Lakini hii ni mashine."

"Na aliyeitengeneza je, naye mashine?"

Si kwamba amekushinda kwa hoja. Unachoka tu.

Kilichonichosha zaidi kilikuwa cha kwangu mwenyewe. Kulikuwa na saa mpya, wazamiaji wengi wameinunua, na kila siku mtu analalamika kwamba programu haiisomi. Hata vijana wa bandarini, waliorithi kazi ya Mzee, walikuwa nayo. Kwa saa zao za zamani walikuwa wameanza kuitumia programu kuangalia nani anapanda haraka mno, ili wamkanye kabla hajaumia. Nikaifanyia kazi saa hiyo kila nilipopata nafasi. Nikaipata lugha yake. Watu wa nchi nyingine wakajaribu, wakasema inafanya kazi. Nikampelekea mama.

"Bado."

Nikamweleza kuhusu vijana wa bandarini. Bado. Nikamwambia wako tayari kuja hapa kumuonyesha. Akasema wao wanataka saa zao mkononi kazini, na yeye anataka moja ya kukaa nayo. Tukasubiri posta. Posta ikachelewa, ikapotea, ikatafutwa, ikafika. Akaizamisha jikoni siku nzima, mara kwa maji baridi, mara kwa maji ya vuguvugu. Hatimaye akaniita.

"Iko sawa. Ilikuwa sawa tangu mwanzo."

"Sasa si nilikwambia?"

"Ulinambia. Nami nilijua. Nilitaka kujua kama wewe unajua au umebahatisha."

Nilitoka nje nikatembea mpaka sokoni Tandika na kurudi, bila kununua kitu, ili nisimjibu mama wa watu vibaya. Kwa msimu mzima vijana wa bandarini walikuwa wamezamia bila kuona chochote, kwa sababu ya kujua kama ninajua. Niliporudi alikuwa amenibakizia samaki mkubwa kuliko wa Mzee. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi, na ilikuwa inaudhi, kwa sababu samaki mwenyewe alikuwa mtamu.

Na alikuwa anakosea, tusidanganyane. Aliwahi kukaa na kosa lake mwenyewe muda mrefu, akiwalaumu watu kwamba kebo zao za kuunganishia saa ni mbovu, kumbe yeye ndiye aliyepindua tarehe kwenye msimbo. Alipogundua alisahihisha kimyakimya, na kesho yake akatuhutubia sote juu ya umuhimu wa kebo nzuri. Hata hivyo, usiku wala mchana hakumwacha mtu bila jibu. Akina mama wa Ufilipino wanaozamia kuokota majongoo bahari, walimu wa kuzamia huko Misri, mzee mmoja anayezamia kwenye ziwa la barafu, wote walijibiwa kwa majina yao na kuulizwa hali za nyumbani. Mimi niliyekaa ukuta kwa ukuta naye niliulizwa kama nimefagia uani.

Macho yalianza kumsumbua nikiwa bado naishi pale. Sikugundua mapema, kwa sababu hakusema. Nilichoona ni kwamba herufi za kompyuta yake zinakua. Mwanzo zilikuwa za kawaida, kisha kama za kichwa cha gazeti, kisha kama za kibao cha saluni, mpaka kioo kizima kikawa kinabeba mistari michache tu na yeye akisogeza uso karibu kana kwamba anainusa. Hospitali wakasema ni presha ya macho, wakampa dawa ya matone. Matone hayo aliyaweka kwenye kabati la vioo pamoja na saa, na aliyakumbuka kama alivyokikumbuka kitasa changu.

Nilianza kumsihi ateue mtu. Ufunguo wa kupitisha mabadiliko nilikuwa nao siku nyingi, lakini kwa sharti kwamba sipitishi wala sikatai bila neno lake, na kila mtu duniani alilijua sharti hilo. Nikamwambia siku akishindwa kusoma, kazi yote itasimama, na watu wanaoitegemea watabaki hewani. Nikamwambia si lazima niwe mimi. Hilo la pili lilikuwa uongo. Nilitaka niwe mimi. Nilikuwa nimenyenyekea kwenye ile baraza miaka yote, nimekula samaki baridi, nimefunga mlango kwa kamba, na niliona ni haki yangu.

"Nikifa mtagawana," akasema.

"Mama, sizungumzii kufa. Nazungumzia macho."

"Macho yangu yana ishu gani? Nakuona hapo umenuna."

Mzee alimtazama, kisha akanitazama mimi, akanywa kahawa yake. Naye alikuwa ameshasema mengi na kuambiwa bado.

Nikaoa, nikahamia Mwenge karibu na kazi. Tukawa tunaongea kwa simu na kwa maandishi, zaidi kwa kugombana. Halafu wiki moja mwaka huu, mama mwenyewe akaleta mabadiliko. Yalihusu saa moja aliyoazimwa na mwanamke wa Ureno. Alikuwa amepanga upya amri ambazo programu inaipa saa, na pale kwenye amri ya kusema "nipe mbizi zako" kulikuwa na namba nane. Nikasoma tena. Kwenye saa ile amri ya kutoa mbizi ni tatu. Nane ni amri ya kufuta kila kitu. Chini yake alikuwa ameandika: "Nimejaribu. Iko sawa. Mpangaji apitishe."

Sikumpigia. Jumamosi nikaenda Tandika. Nilimkuta barazani na kompyuta mapajani, Mzee pembeni yake, na baada ya shikamoo na marahaba na habari za mke wangu, nikamwambia nimekuja kwa ajili ya yale mabadiliko.

"Umepitisha?"

"Hapana, mama."

"Hujapata nafasi?"

"Nafasi ninayo. Siyapitishi. Namba imekosewa. Umeweka nane, inatakiwa tatu."

"Nimeweka tatu."

"Umeweka nane."

"Mpangaji, mie hii saa nimekaa nayo humu ndani. Nimeizamisha, nimeiunganisha, imemaliza vizuri. We umekaa nayo lini?"

Kwa miaka yote hiyo, alipofika hapo, mimi ndiye niliyekuwa narudi nyuma. Nilisikia mwili unataka kurudi nyuma. Nikamwomba saa. Akaingia ndani, akanyoosha mkono kabatini bila kuangalia, akaishika bila kukosea, akarudi akanipa. Nikabonyeza kitufe kutafuta mbizi. Hakukuwa na hata moja, si za jikoni wala za mwenyewe, na yule mwanamke alikuwa ameandika kwamba amezamia na saa hiyo tangu arusi yake.

"Haina kitu, mama. Imefutika yote."

Mzee aliweka kikombe chini. Mama akaichukua saa, akaisogeza kwenye jicho moja, kisha jingine. Kioo cha saa ni kidogo, na jua lilikuwa kali. Aliigeuza huku na huku. Kisha akavuta kompyuta, akaukuza ule mstari mpaka ile namba ikajaa kioo kizima, nane kubwa nyeusi, ingeonekana kutoka barabarani. Akaiwekea kidole.

"Mie naona tatu," akasema.

Alikaa na kidole pale pale. Mzee akamshika bega, akautoa ule mkono kwenye kioo.

"Basi kataa," akaniambia. "Una ufunguo, kataa. Na sababu uandike."

Nikachukua kompyuta, nikaandika kwamba namba si sahihi. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea.

"Hiyo si sababu. Namba haijikosei yenyewe. Andika kuwa aliyeandika haoni tena, na kwamba kafuta mbizi za mwenzie. Andika jina langu. Halafu andika kuwa kuanzia leo waulize kwako."

"Mama, siwezi kuandika hivyo mbele ya dunia nzima."

"Yule wa Ureno nimwambie nini, posta imepoteza? Andika. Siandiki mwenyewe, nitakosea."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia. Nilikuwa nimekitaka kitu hicho muda mrefu sana, nimekiomba, nimekigombea, na sasa alikuwa ananitupia mapajani mchana kweupe kana kwamba ni mzigo wa sokoni, na mimi sikuutaka hata kidogo. Nilitaka aseme bado. Nikasubiri kidogo, labda atasema. Alikuwa amegeuza uso upande wa barabara, anasikiliza, anangoja kusikia vidole vyangu vikigonga.

Nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno, kwa Kiswahili, na jina lake. Nikamsomea mara ya mwisho. Akatikisa kichwa kukubali, na nikabonyeza.